Betri Haina Kosa: Historia ya Chaji ya Pikipiki, Kutoka kwa Faraday Hadi Kangemi

Leo tunaipumzisha kompyuta. Najua mnakuja hapa kusoma mambo ya programu na tovuti, na wapo watakaouliza pikipiki zimeingiaje. Zimeingia kwa mlango wa umeme, na mkinivumilia kidogo mtaona kwamba hata sisi waandika programu tuna mkono wetu katika kisa hiki.

Pita kwenye steji yoyote ya bodaboda upande wa magharibi wa Nairobi, iwe Kangemi, Kawangware, Uthiru au Dagoretti Corner, utasikia malalamiko yale yale. Betri ilikuwa mpya, haikumaliza hata miezi sita. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikaenda njia ile ile. Mwenye pikipiki anailaani betri, muuzaji anawalaani Wachina, na fundi anasema "rektifaya hiyo", anabandua moja na kubandika nyingine bila kupima chochote. Kwa mtu ambaye mapato yake ni kile kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki, kila betri ni siku kadhaa za kazi zilizopotea.

Mtu wa kompyuta anaitambua tabia hii mara moja. Ni sawa na kuzima na kuwasha mashine kila inapokwama, bila kusoma ujumbe wa hitilafu. Lakini nilipoanza kufuatilia jambo hili niligundua kwamba huwezi kuusoma ujumbe wa pikipiki kama hujui historia yake, kwa sababu ndani ya pikipiki moja ya 125cc mna vipande vya enzi tatu au nne tofauti, na kila kipande kina masharti yake. Kwa hiyo tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1831, kule London, Michael Faraday aligundua kwamba ukisogeza sumaku karibu na koili ya waya, umeme unatiririka katika waya huo. Sumaku ikisimama, umeme unakoma. Pikipiki ya leo inafanya jambo hilo hilo. Fungua kifuniko cha ubavuni mwa injini, mara nyingi cha kushoto, utakuta bakuli la chuma lililobandikwa sumaku kwa ndani. Bakuli hilo linazunguka pamoja na injini, na katikati yake zimefungwa koili za shaba zisizosogea. Ukipiga resi, umeme unapanda. Ukiachia, unashuka. Hakuna muujiza mwingine humo ndani.

Aliyeuleta ujuzi huu kwenye injini kwa namna ya kibiashara ni Robert Bosch wa Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1887 alitengeneza magneto kwa ajili ya injini za kusimama, zile za viwandani. Mwaka 1897 akaifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, akatoa magneto ya volti nyingi pamoja na plagi ya cheche, na hapo injini za petroli zikapata mwasho wa kutegemewa. Uzuri wa magneto ni kwamba haihitaji betri. Unapiga kiki, sumaku inazunguka, cheche inaruka, umeondoka. Taa za zama hizo hata hazikuwa za umeme: waendeshaji walitumia taa za kabaidi, ambapo maji yanadondokea mawe ya kabaidi na kutoa gesi ya asetilini, ile ile ambayo wachomeleaji wetu wa jua kali wanaitumia kukata vyuma. (Fikiria kuwasha moto wa kuchomelea mbele ya uso wako kisha uendeshe gizani. Babu zetu hao walikuwa na roho ngumu.)

Urithi huo wa Bosch bado tunao, na hapa ndipo shida ya Kangemi inapoanzia. Pikipiki nyingi ndogo zina koili ya pekee kwa ajili ya mwasho, haipiti betrini kabisa. Katika nyingi kati ya hizo taa kubwa nayo inakula moja kwa moja kutoka koilini, ndiyo maana mwanga wake unapanda na kushuka na resi. Matokeo yake ni kwamba betri ikifa, pikipiki haifi. Stata ya kubonyeza itagoma, basi unapiga kiki na maisha yanaendelea. Unaweza kufanya kazi mwezi mzima hivyo. Kinachokufa ni honi, indiketa na taa ya breki, yaani vyote vile ambavyo pikipiki inavitumia kuzungumza na wengine barabarani. Wewe unaona mbele vizuri. Aliye nyuma yako kwenye Naivasha Road saa mbili usiku haoni kwamba umeshika breki.

Katika kazi yetu hitilafu ya namna hii ndiyo tunayoiogopa kuliko zote, ile inayonyamaza. Programu inayoanguka kwa kishindo itatengenezwa leo. Inayoendelea kutembea huku imepoteza kiungo itatengenezwa siku ya msiba.

Turudi kwenye historia. Betri ya risasi na asidi aliivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kwa hiyo ilikuwapo tayari, ila kuichaji juu ya chombo kinachotembea kulikuwa kazi nyingine. Jibu la kwanza lilikuwa dainamo, yenye brashi za kaboni zinazosugua na kutoa umeme wa upande mmoja. Miaka ya 1920 kampuni ya Lucas ya Birmingham, Uingereza, iliunganisha magneto na dainamo katika kifurushi kimoja ikakiita Magdyno, na pikipiki za Kiingereza zikakitumia miaka mingi. Brashi zilikwisha, vumbi liliingia, na Waingereza wenyewe walimtania Joseph Lucas kwa jina la Mwana wa Mfalme wa Giza. Sehemu hiyo tuipite haraka, kwa sababu dainamo haipo tena kwenye pikipiki zetu.

Kilichobaki ni kile kilichoingia mwaka 1953, wakati Triumph ilipoitoa Speed Twin ikiwa na alteneta ya Lucas: sumaku inazunguka, koili zimesimama, hakuna brashi. Ni Faraday mtupu. Lakini umeme wa namna hiyo ni mkondo geu, unakwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Inataka mkondo wa upande mmoja. Kwa hiyo pakahitajika rektifaya, wakati huo bamba za seleni zilizopangwa kama sahani, baadaye daiodi za silikoni. Daiodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Sasa jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mfumo ule wa kwanza haukuwa na kidhibiti cha chaji. Kidhibiti kilikuwa swichi ya taa! Ulipoendesha mchana taa zikiwa zimezimwa, swichi iliziunga baadhi ya koili tu. Ulipowasha taa kubwa usiku, swichi iliziingiza koili zote kazini ili umeme utoshe. Wahandisi walimchukulia mwendeshaji kuwa mtu anayeishi kwa ratiba: mchana hatumii umeme, usiku anatumia kiasi kinachojulikana. Programu nyingi zimeandikwa kwa kudhani vivyo hivyo kuhusu mtumiaji, na nyingi zimevunjika kwa sababu hiyo.

Katikati ya miaka ya 1960, pikipiki za Uingereza zilipohama kutoka volti 6 kwenda volti 12, Lucas waliweka kifaa kilichopewa jina la mwanafizikia wa Marekani, Clarence Zener, ambaye mwaka 1934 alikuwa ameeleza jinsi kitu kisichopitisha umeme kinavyoweza kuanza kuupitisha ghafla ukifika kiwango fulani. Daiodi ya Zener ikafungwa sambamba na betri, juu ya bati nene la alumini lililowekwa mahali pa kupata upepo. Volti zikipanda kupita kiasi, Zener inafunguka na kuugeuza umeme wa ziada kuwa joto.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo moyo wa habari yote. Kwenye gari, sumaku ya alteneta ni ya umeme, ukitaka chaji ipungue unapunguza nguvu ya sumaku. Kwenye pikipiki ndogo sumaku ni ya kudumu. Huwezi kuiambia ipumzike. Maadamu injini inazunguka, umeme unazalishwa, na usipotumika lazima umwagwe mahali. Ni kama lile tangi la maji juu ya paa la ploti ambalo pampu yake haizimwi: usalama wa nyumba unategemea bomba la kumwagia maji yanayofurika. Mwaka 1957 General Electric ya Marekani ilitoa thairista, swichi ya silikoni isiyo na sehemu inayosogea, na baadaye hiyo ikachukua nafasi ya Zener. Kazi ikawa kwa akili zaidi kidogo, ila falsafa ni ile ile ya kufunga shoti na kumwaga.

Kutokana na hapo unaelewa jambo ambalo steji nzima inaliona kinyume. Kile kiboksi cha alumini chenye mapezi, ambacho mafundi hukiita rektifaya ingawa ndani yake mna rektifaya na reguleta pamoja, kinapata joto zaidi pale ambapo hutumii umeme. Ukizima kila kitu ukapiga resi ndefu, ndipo kinapomwaga kwa wingi. Kimejengwa kupozwa na upepo wa mwendo. Kikifungwa chini ya kiti, kikapakwa matope ya msimu wa mvua, halafu kikakaa kwenye msongamano wa Waiyaki Way, kinaungua polepole. Na plastiki ya kiungio cha nyaya zake inaungua nacho.

Pikipiki iliyoubeba muundo huu mpaka vijijini duniani ni Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliibuni makusudi kwa nchi ambazo matunzo ni shida: injini ya vijiti vya kusukuma vali, kila kitu rahisi. Hata ilianza na umeme wa volti 6. Viwanda vya Uchina viliuchukua muundo huo vikaunakili kwa majina yasiyohesabika, na ndiyo sababu pikipiki mbili za majina tofauti kabisa mtaani zinaweza kuvaa reguleta moja. Hata rangi za nyaya zilinakiliwa: kijani ni ethi, nyekundu ni betri.

Kenya nayo ilikuwa ikingoja. Neno bodaboda lilizaliwa miaka ya 1960 kwenye mpaka wetu na Uganda, upande wa Busia, baiskeli zilipovusha watu kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilikuja baadaye, na mlango ulifunguka hasa mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi 250cc. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2010 nchi ilikuwa ikisajili pikipiki mpya zaidi ya laki moja kwa mwaka. Boxer ya Bajaj kutoka India ikawa karibu jina la pikipiki yoyote. Nairobi ikazijaza steji kila kona, huku serikali ya jiji, na baadaye ya kaunti, ikizifukuza katikati ya mji zaidi ya mara moja, nazo zikirudi kama nzi kwenye embe.

Tazama basi jinsi jiji letu lilivyovunja kila sharti la wahandisi wale. Walidhani safari ndefu ya resi ya katikati. Sisi tuna safari za kilomita chache, Kawangware hadi Lavington, Kangemi hadi Westlands, na kila safari inaanza kwa kubonyeza stata, ambayo inafyonza betri kuliko kitu kingine chochote. Walidhani barabara iko wazi. Barabara yetu ya wazi ni Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022, na pikipiki haziruhusiwi juu yake. Zinabaki chini, kwenye jam, injini ikinguruma bila resi na koili zikitoa kidogo kabisa.

Halafu walidhani mzigo ni taa, honi na indiketa. Na hapa waandika programu tuinue mikono. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu ikawa sanduku la fedha. Mwaka 2018 programu za kuita bodaboda zikamiminika Nairobi, SafeBoda ikaja kutoka Kampala (iliondoka Kenya mwaka 2020), Uber nayo ikaleta huduma yake ya pikipiki, wakafuata wa kubeba chakula. Kila moja inataka skrini iwe imewaka, ramani iwe wazi, setilaiti zisikilizwe, intaneti isikatike. Saa kumi na mbili kwa siku. Simu gani itahimili hivyo bila chaja? Basi kila usukani ukapata chaja ya USB, na baada ya chaja zikaja taa za LED za ziada, alamu ya wezi, na redio yenye spika mbili.

Tupige hesabu ndogo. Taa kubwa ya wati 35 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta karibu ampea 3. Chaja ya simu ikitoa ampea 2 kwa volti 5 ni wati 10, na kwa kuwa chaja zenyewe hupoteza kiasi kuwa joto, hesabu ampea moja kutoka betrini. Ampea moja inaonekana si kitu. Lakini kwenye muundo wa CG wa kale, reguleta inatumia nusu tu ya wimbi la mkondo geu kuichaji betri. Ukiwa kwenye jam bila resi, chaji inayoingia inaweza isifikie hata hiyo ampea moja. Betri ndogo ya saa-ampea 5 inatoa kuliko inavyopokea, asubuhi hadi jioni.

Na betri ya risasi ina tabia moja mbaya: haivumilii kukaa nusu. Ikikaa bila kujaa, salfeti ya risasi kwenye bamba zake inakuwa fuwele ngumu zisizorudi tena kuwa risasi, na kila siku uwezo unapungua. Ndiyo maana ile mpya nayo inakufa baada ya miezi. Imenyimwa chakula, haikuzaliwa mgonjwa.

Mwaka jana hali hiyo ilinifika kwenye pikipiki yangu mwenyewe, 125cc ya ukoo huo wa CG, ninayoitumia kutoka Kangemi hadi ofisini mjini, kama kilomita kumi hivi. Stata ilianza kukohoa, indiketa zikawa zinapepesa kwa uvivu. Nilichukua mita ya bei rahisi niliyoinunua Luthuli Avenue nikaenda kwa fundi kijana aliye karibu na soko, mtu mwepesi wa kujifunza ambaye hutazama video za pikipiki kila jioni. Yeye alisema coil, mimi nikasema tupime.

Betri ikiwa imepumzika ilisoma 12.2. Betri iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8, kwa hiyo hii ilikuwa na njaa ila haijafa. Tukawasha, tukapiga resi ya kati: 12.7. Mfumo mzima ungepaswa kufika kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Basi chaji haifiki. Kijana akachomoa kiungio cha koili, akaiweka mita kwenye ukinzani, ncha moja kwenye waya mweupe wa chaji, nyingine kwenye fremu. Mita ikaonyesha chini ya omu moja. Akanitazama kwa huruma: "Imeguza ethi hii. Imeenda." Video alizotazama zinasema hivyo, na kwa pikipiki kubwa za fezi tatu zinasema kweli, koili zao haziruhusiwi kugusa fremu kabisa. Angeifungua injini na kunidai koili mpya.

Lakini yetu si ya ukoo huo! Kwenye muundo wa kale wa nusu wimbi, ncha moja ya koili imefungwa kwenye fremu kiwandani, makusudi. Koili nzima lazima isome chini kwenda ethi. Nilimwonyesha mchoro wa nyaya kwenye simu, akaufuata waya kwa kidole mpaka ulipoishia kwenye bati, akacheka. Nikajiuliza ni koili ngapi nzima zimetupwa Kirinyaga Road (ile ambayo wazee na mafundi bado wanaiita Grogan, jina lake la ukoloni) kwa sababu kipimo cha pikipiki ya fezi tatu kilitumiwa kwa pikipiki ya nusu wimbi.

Tukaipima kwa njia inayoifaa: mita kwenye mkondo geu, injini inawaka, kiungio kimechomolewa. Volti zilipanda vizuri na resi, zikapita 40. Koili ina afya. Kisha ikaja hatua ambayo naona ndiyo inayorukwa zaidi, nayo haihitaji kununua wala kufungua kitu. Tukarudisha kiungio, tukaiweka mita kwenye volti za upande mmoja, ncha moja kwenye waya mwekundu pale unapotoka kwenye reguleta, nyingine kwenye kichwa chanya cha betri, injini ikiwa na resi. Huo ni waya mmoja, ncha zake mbili. Tofauti ingepaswa kuwa sehemu ndogo ya volti, tuseme 0.2. Ilikuwa 1.6.

Maana yake ni hii. Reguleta ilikuwa ikijipima yenyewe mdomoni mwake, inaona 14.3, inasema betri imeshiba, inaanza kumwaga. Betri upande wa pili wa waya inapata 12.7. Wote wawili wanasema kweli, na katikati yao kuna kitu kinakula. Tuliufuata waya tukakipata chini ya tangi: kiungio cha plastiki kimegeuka rangi ya kahawa iliyoungua, pini imelegea na kushika kutu ya kijani. Tulikikata, tukachomelea waya kwa risasi ya kuunganishia, tukaufunga vizuri. Gharama haikufika bei ya chai na mandazi ya watu wawili. Betri ikasoma 14.1 kwa resi, na ndiyo hiyo hiyo ninayoitumia mpaka leo.

Kijana sasa anaanza na kipimo hicho cha waya. Ikitokea betri inasoma zaidi ya 15 pikipiki ikiwa na resi, hapo anajua bomba la kumwagia limeziba, reguleta haimwagi tena, na betri inachemshwa. Hapo ndipo anapouza reguleta kwa haki. Na mwenye pikipiki akitaka kubaki na chaja, redio na taa za ziada, njia ipo, ingawa inataka fundi aliyetulia: kuifungua ile ncha ya koili kutoka kwenye ethi, kuweka reguleta ya wimbi zima yenye daiodi nne, na kuhamishia taa zote upande wa betri. Unapata nusu ya wimbi iliyokuwa haimfaidi mtu. Taa haitapanda na kushuka tena, na utaikosa dalili hiyo ya kale ya kujua injini inasemaje.

Wengine watasema yote haya yanakwisha, maana pikipiki za umeme zimefika. Ni kweli zimefika. Roam, iliyoanza mwaka 2017 hapa Nairobi kwa jina la Opibus, inaunganisha zake hapa hapa, na Ampersand ilikuja kutoka Rwanda na vituo vyake vya kubadilisha betri. Humo hakuna bakuli la sumaku linalochaji betri wala reguleta ya kumwaga. Ila taa, honi na indiketa za pikipiki hizi kwa kawaida bado ni zile za volti 12, kwa sababu ndizo dunia inazotengeneza, kwa hiyo kuna kigeuzi kinachoshusha volti za betri kubwa hadi 12, na kutoka hapo ni nyaya na viungio kama vile vya zamani. Wiki iliyopita pale Dagoretti Corner nilikaa nyuma ya mojawapo kwenye taa. Skrini yake ilionyesha betri imejaa. Alipokata kulia kuingia Naivasha Road, indiketa ilipepesa mara moja, ikazima.